The Good Wife: seri ya ba avoka na siasa yenye haikuachie kulala mapema

Naanza na hukumu kabisa, ili mwenye hana wakati asisome mingi: The Good Wife ni seri ya kuangalia. Na si kuangalia huku uko unachagua maharagi, hapana, ni ya kukaa, kunyamaza, kisha kubishana mpaka saa ya kulala inapita. Ilitoka Marekani ku televizyo CBS, ikaanza mwezi ya 9 mwaka 2009, ikaisha mwezi ya 5 mwaka 2016. Ni sezoni 7, epizodi 156, kila epizodi inapita dakika 40, kwa hiyo ukiamua kuimaliza ujue unaingia mu masaa zaidi ya 100. Waliyoitunga ni Robert King na Michelle King, bwana na bibi yake, na mi naona hiyo inasaidia sana, juu namna Alicia na bwana yake wanasemeshana mu ile nyumba, ile heshima yenye kuwa na hasira chini yake, mutu mwenye hajaishi mu ndoa hawezi kuiandika vile.

Kwetu hapa Bukavu, mu Kongo, siku hizi jioni tunafunga mulango mapema, seri ndefu njo kampani ya nyumba nzima. Hii tuliipata mu diski, ya Kifaransa, kwa ule kijana mwenye kujazia batu filme mu flashi pale Nyawera, na tangu ile siku kwetu nyumbani hakuna tena fujo ya telekomandi.

Hadithi iko hivi. Alicia Florrick, yenye kuchezwa na Julianna Margulies, ni bibi ya prokireri mukubwa (mwenye kushitaki batu kwa jina ya serikali) ya Cook County, njo mule Chicago iko ndani. Bwana yake Peter anakamatwa mu kashfa ya makahaba na rushwa, magazeti yote, televizyo zote, anaenda jela. Alicia alisomea sheria, alikuwa avoka muzuri, lakini aliacha kazi miaka 13 juu ya kulea batoto wake wawili na kusimamia jina ya bwana. Sasa makuta imeisha, nyumba kubwa imeuzwa, mama mukwe anataka kuamuru kila kitu, naye inabidi aombe kazi mu kabine ya avoka moja anaitwa Will Gardner, mwenye walisoma pamoja, na anaanza chini kabisa pamoja na vijana wenye angeweza kuwazaa. Tena nafasi ni moja. Yeye na kijana anaitwa Cary wanagombania ile nafasi moja na kila mutu mu biro anajua.

Mwanzo ya epizodi ya kwanza nitaielezea vizuri juu njo pale walinikamata. Peter amesimama mbele ya ba jurunaliste anasema anaacha kazi, anaomba musamaha, na Alicia yuko kando yake amevaa kostimu, hasemi kitu. Kamera haiangalii midomo ya bwana, inaangalia mukono ya koti yake, juu Alicia ameona kipande ya uzi imebakia pale. Dunia yake yote inaanguka mbele ya Amerika nzima na macho yake iko ku ule uzi, mukono inataka kwenda kuutosha, kama vile bibi yoyote anafanya asubuhi mbele bwana hajatoka. Kisha wanaingia mu koridori, batu wanabakia nyuma, Peter anamuuliza kama ako sawa, naye anamupiga kofi moja tu. Hakuna kelele, hakuna kulia. Ananyoosha nguo yake anaendelea kutembea. Mi naona mule mu dakika tatu wamesema mambo yenye seri zingine zinatafuta sezoni nzima.

Na hiyo picha haikutoka mu hewa. Mwezi ya 3 mwaka 2008, gavana ya New York, Eliot Spitzer, aliacha kiti juu ya kashfa ya makahaba, na bibi yake alisimama kando yake mbele ya kamera. Batungaji walijiuliza ule bibi anafikiri nini pale, na akifika nyumbani anafanya nini. Hata Illinois yenyewe, njo mule hadithi inafanyikia, kipindi ile ilikuwa na gavana yake Rod Blagojevich mwenye alikamatwa mwezi ya 12 mwaka 2008, akaondoshwa mwezi wenye kufuata, kisha akahukumiwa miaka 14. Kwa hiyo mutu asiseme hii seri inapitisha chumvi.

Sasa kile kitu mi naipendea zaidi, na njo sababu naandika hii. Seri mingi ya tribinali inakuonyesha mauaji, juji, avoka mwenye kusema vizuri, mwisho mutu anafungwa ao anaachiliwa, basi. Hii inakuonyesha kama dosie haiingiaki mu tribinali peke yake. Inaingia na simu ya mutu, na kampanye ya mutu, na deni ya mutu, na muke ya mutu. Juu kule kwao prokireri ya Cook County anachaguliwaka na raia. Anafanya kampanye, anatafuta makuta, anaweka picha yake ku njia. Sasa fikiri: mutu mwenye kuamua nani ashitakiwe, ako anahesabu pia nani atamupigia kura mwaka wenye kuja. Kwetu ni tofauti, Katiba yetu inasema ba majistra, njo ba juji na ba prokireri, wanawekwa na Prezida kufuatana na Konsei ya juu ya majistratire, raia hapigii prokireri kura. Na gavana kule anachaguliwa na raia wote, kwetu anachaguliwa na ba depite ya provensi. Njia mbili tofauti kabisa, lakini ukiangalia epizodi kumi utaona mafuta yenye kupaka magurudumu inafanana.

Shemeji yangu ni avoka ku baro ya hapa, na kuangalia naye hii seri ni somo. Anasimamisha filme anasema shemeji angalia, hapa kwetu hii haiwezekane. Kama ile mambo ya juri: raia 12 wanaitwa toka njia wanakaa pembeni wanasikiliza, kisha wanasema mutu ana kosa ao hana. Sisi mu Kongo hatuna juri, ni ba juji njo wanakata. Kwa hiyo avoka ya kule anasema na batu 12 wenye hawajasoma sheria, anaangalia nani ametikisa kichwa, nani analala, anachagua hata rangi ya tai yake. Alafu kuna ile kupatana na parke, njo biro ya prokireri, njo inamaliza dosie mingi: mushitakiwa anakubali kosa mudogo ili asihukumiwe kosa mukubwa. Nusu ya uzuri ya seri iko mule, mu koridori, avoka na prokireri wamesimama wanabishana miaka nane, hapana mitano, hapana mitatu na mwenzio anakuja kushuhudia. Kama batu wako ku soko ya Kadutu wanapatana bei ya kitenge, lakini bei ni miaka ya mutu. Shemeji anasema ile njo inamuumiza zaidi, juu mutu mwenye hana kosa anaweza kukubali miaka miwili kwa kuogopa ishirini, na seri inaionyesha bila kuficha.

Na ba juji! Hapa lazima nipongeze. Kila juji iko na tabia yake na ba avoka wanaijua kabisa. Kuna mama moja, juji Lessner, mbele yake avoka hawezi kusema kitu bila kuongeza «kwa maoni yangu». Ukisahau anakusimamisha: kwa maoni ya nani? Unaona ba avoka wakubwa, wenye kulipwa makuta mingi sana kwa saa, wako wanajikata katikati ya maneno, «huyu mutu ni muongo… kwa maoni yangu», na ku mwisho mama amepata tribinali yenye adabu. Kuna mwingine, Abernathy, mupole, mutu ya haki, mwenye kuogopa hata kukosea mutu kwa bahati mbaya, na ule upole yake mara inasaidia musikini, mara inasaidia mwizi. Sijaona seri ingine yenye kuelewa vizuri namna hii kama sheria ni ile ile lakini juji akibadilika dosie imebadilika.

Sisi batu ya Bukavu, kwa kweli, tribinali mu televizyo tumeizoea kiasi. Nani hapa hakuangalia prosè ya siku 100, ile juu ya makuta ya programu ya Prezida ya siku 100, mwaka 2020? Mwezi ya 5, mu jela ya Makala, live ku RTNC, televizyo ya taifa, na Vital Kamerhe, mutoto ya hapa, diregta ya kabine ya Prezida, amesimama mbele ya ba juji juu ya makuta ya nyumba. Njia zilikuwa tupu. Mu kwartie unasikia sauti moja toka nyumba mpaka nyumba. Katikati juji mwenye kuongoza prosè, Raphaël Yanyi, akafariki. Tarehe 20 mwezi ya 6 ikaanguka miaka 20 ya kazi ya nguvu. Miaka miwili kisha, 2022, kur ya rufaa ikamuachilia, hana kosa, na 2024 akakuwa prezida ya Bunge la Taifa. Sifananishe batu, Peter Florrick ni mutu wa kutungwa na makosa yake ni yake. Nasema tu kama ule mwenye aliketi mbele ya televizyo mwaka 2020, akashika moyo wakati juji anasoma, akiwa wa upande huu ao wa upande ule, atasikia hii seri haraka kuliko mutu ya Paris. Peter anatoka jela, anarudi mu kiti ya prokireri, kisha anakuwa gavana, na mutu ya hapa hashangae, anauliza tu: nani alimusindikiza?

Mwenye kumusindikiza ni Eli Gold, na huyu njo ninamupenda kupita wote. Alan Cumming anamucheza. Eli ni mutu ya kampanye, kazi yake ni kuzima moto mbele moshi haijaonekana. Anaingia mu nyumba ya Alicia kama nyumba ni yake, anapekua batoto wameandika nini ku intaneti, anamuambia mama mukwe anyamaze, na macho yake inafanya kazi kuliko midomo. Kitu cha ajabu ni kama ule mutu mwenye kuuza uongo kila siku anaishia kumuheshimia Alicia kikweli.

Diane Lockhart (Christine Baranski) ni patro ya kabine, mama mwenye kusimama wima, mwenye kucheka kwa sauti ya juu, mwenye siasa yake ya mukono ya kushoto na anapenda mwanaume ya siasa ya mukono ya kuume, na hawaachane juu ya ile. Kalinda Sharma, mupelelezi ya kabine, Archie Panjabi alimucheza akapata Emmy, tuzo kubwa ya televizyo ya Marekani, mwaka 2010, kile kitabu yake ndogo na buti yake ya juu tunazijua wote. Julianna Margulies mwenyewe alipata Emmy mara mbili, 2011 na 2014. Lakini mi nawaambia angalieni sana wageni, wale ba avoka ya upande wa pili. Michael J. Fox anacheza Louis Canning, avoka mwenye ugonjwa yenye kumutikisa mwili, na anaitumia: anaanza kwa kuelezea juri ugonjwa yake, juri inamuonea huruma, na wakati ile huruma iko moto anachomeka kisu. Na bado huwezi kumuchukia. Patti Nyholm anakuja na tumbo kubwa, kisha na mutoto mudogo, na kila mara mutoto analia ku dakika yenye inamufaa. Martha Plimpton, mwenye kumucheza, alipewa Emmy juu ya ile. Na Elsbeth Tascioni, mama mwenye kuonekana kama amepotea njia, mifuko mingi, anasema juu ya vitu vya bure, na kufumba na kufumbua amekumaliza.

Epizodi moja ya sezoni ya 2 lazima niiseme peke yake. Inaitwa «Nine Hours». Mutu atauawa usiku, serikali imepanga, na kabine iko na masaa tisa ya kumuokoa. Hakuna kukimbizana na magari. Ni batu mu salle moja na makaratasi, wanafungua dosie ya zamani ukurasa kwa ukurasa, wanapiga simu, wanaangalia saa. Mushitakiwa mwenyewe unamuona kidogo tu na njo inakushika ku shingo. Ilitoka mwaka 2010, na mwaka wenye kufuata, 2011, Illinois ikaondoa kabisa hukumu ya kifo. Sisi tumeenda njia ingine: tangu 2003 Kongo ilikuwa imesimamisha kuua wenye kuhukumiwa, na mwezi ya 3 mwaka 2024 serikali ikatosha ile kizuizi. Sasa tuliangalia ile epizodi hapa nyumbani, watu sita mu salo, na hakuna mwenye aligusa simu yake. Mi mwenyewe niko kinyume ya hukumu ya kifo, nasema wazi, na kama unataka kuelewa sababu bila kusoma kitabu, angalia wale ba avoka wanatafuta karatasi moja wakati saa inakimbia.

Ingine yenye kunipendeza ni vile walikuwa mbele ya wakati. Mwezi ya 1 mwaka 2012 wako na epizodi nzima juu ya Bitcoin, ile makuta ya intaneti, wakati hapa hakuna mwenye alisikia ile jina. Wametunga kampuni ya intaneti inaitwa Chumhum yenye kujua kila kitu juu ya kila mutu. Na sezoni ya 5, yenye ilianza miezi michache tu kisha Edward Snowden kutoa siri ya upelelezi wa Marekani mwaka 2013, unaona vijana wawili mu biro ya usalama wa Marekani wamevaa ekuter wanasikiliza simu ya Alicia, mambo ya ndoa yake, mambo ya batoto, na wako wanacheka wanakula. Ile ilinikasirisha kuliko filme yoyote ya vita.

Hapa mwenye hajaangalia aruke hii sehemu, mi nimesema. Sezoni ya 5 njo juu ya zote. Alicia na Cary wanaiba ba kliya wanafungua kabine yao, na ile epizodi ya siku Will anagundua, anasukuma vitu ya meza yote chini, hewa inakosa mu salo. Halafu mwezi ya 3 mwaka 2014, katikati ya sezoni, bila kutuonya, kijana mwenye Will anamutetea ananyakua bunduki ya polisi mu tribinali, na Will anakufa. Hauone anaanguka. Unaona Kalinda anakimbia, kiatu ya mutu chini ya meza. Josh Charles ndiye aliomba kuondoka mu seri, na wale batungaji wakaamua kufa kwake kuwe kama kifo kweli, yenye kukata maneno katikati. Amemuachia Alicia ujumbe mu simu yenye haijaisha, na epizodi yenye kufuata yote Alicia anazunguka anauliza alitaka kuniambia nini. Dada yangu mudogo alilia mpaka mama akauliza nani amekufa mu familia.

Makosa yake iko, siwezi kuficha. Sezoni ya 4 inatuleta bwana ya zamani ya Kalinda, ni ya kupitisha haraka, haina maana wala adabu. Tangu pale Kalinda na Alicia, wenye walikuwa wanakunywa tequila pamoja ku baa, karibu hawaonekane tena mu chumba moja, wanapigiana tu simu, na unasikia kuna kitu nyuma ya kamera. Sezoni ya 6 Alicia mwenyewe anagombea kiti ya prokireri: kampanye ni tamu sana, kuona mutu musafi anajifunza kusema nusu ya ukweli, lakini wakisha kumuchaguza wanamuangusha haraka haraka na hadithi inachechemea. Sezoni ya 7 iko na mwanzo muzuri, mu tribinali ya kutoa batu kwa dhamana, mushitakiwa anapata dakika moja mbele ya juji, avoka hajui hata jina yake vizuri, ni soko ya kweli. (Illinois iliondoa dhamana ya makuta mwaka 2023, na ukiona zile epizodi utaelewa sababu.) Kisha inachoka. Mwisho kabisa batu wengi waliichukia, wanaona Alicia hakustahili. Mi naikubali. Miaka saba tunamuona anajifunza silaha za wale wenye walimuumiza, ingekuwa uongo kumupa mwisho wa sukari.

Kwa wenye kutaka: Kifaransa yake inasikika vizuri na ba avoka hawasemi haraka sana, lakini kama Kiingereza yako iko sawa chukua ile, sauti ya Diane haina mfano. Batoto wadogo hapana, kuna vitanda na kuna maneno. Mwenye kusoma droit ku inivesite, angalia na daftari. Mwenye hana courant ya kutosha masaa 100, chukua sezoni ya 1 yote, ya 2 yote, ruka ule bwana ya Kalinda, kisha ingia ya 5 bila kusoma kitu chochote ku intaneti. Ukiimaliza, batungaji wale wale walifanya The Good Fight tangu 2017 mpaka 2022, Diane njo mukubwa mule na siasa iko moto zaidi, ni ya wakati wa Trump. Ule kijana ya Nyawera ameniambia ako nayo mpaka sezoni ya 4, kwa hiyo mwenye ako na mbili za mwisho hapa Bukavu, Kifaransa ao Kiingereza yote sawa, anipigie, nitakuja na flashi yangu.